Ricoh GR III au Pentax 17: ipi ya kutembea nayo?
Kamera hizi mbili zimetoka kampuni moja ya Japani, nchi ambako mpiga picha Daido Moriyama alizunguka vichochoro vya Shinjuku akiwa na kamera ndogo mkononi. Ila njia zao zimeachana kabisa: GR ni ya kidijitali, Pentax ni ya mkanda wa filamu.

Kwa bei, Pentax 17 ya mwaka 2024 ilianza kwa dola 500 hivi. GR III ya 2019 ilikaribia 900. Lakini ukishainunua GR, humlipi mtu tena kwa picha. Pentax inakula mikanda, na kila mkanda una gharama ya kusafisha. Ahueni ni kwamba inaigawa fremu katikati: mkanda wa picha 36 unatoa 72.

Betri ya GR hupiga picha kama 200 tu, kwa hiyo beba ya akiba. Usiku, hata hivyo, inaiacha Pentax mbali.

Mimi wenzo wa Pentax umeniteka. Unausukuma kwa dole gumba, mkanda unasogea, na unajikuta ukiitazama sura ya mtu vizuri kabla ya kubonyeza.

Mwenye kazi ya kutuma picha leo leo achukue GR. Mwenye msafishaji wa mikanda karibu, na subira, Pentax itamfaa.