Dunia ubavuni mwa gari, au umeme ndani yake?

Pale Jaws Corner, kijiwe cha kahawa Mji Mkongwe, Zanzibar, kikombe mkononi, ubishi hauishi: ujumbe wa mazingira kwenye mbio za magari uchorwe au utendwe?

Mwaka 2007 Honda walifuta karibu majina yote ya wadhamini kwenye gari lao la Formula 1, wakachora dunia na bahari yake ya buluu. Rangi ni nafuu na jicho huiona mara moja. Lakini injini ilibaki ya petroli.

Formula E, iliyoanza Beijing 2014, ni ya umeme mtupu. Naiamini zaidi, japo ni ghali, na misimu minne ya mwanzo betri moja haikumaliza mbio. Dereva alihamia gari la pili.

Unadhamini resi za ngalawa? Andika ujumbe kwenye tanga, chombo hakichomi mafuta. Una boti za mashine? Anza na mashine.