Chumvi ya Barabarani Kwenye Kapeti za Gari: Nunua Nini Kwanza

Kwa wanaoishi Minneapolis, Buffalo au Toronto, kila safari ya majira ya baridi huingiza garini theluji yenye chumvi, ile inayomwagwa barabarani kuyeyusha barafu. Theluji ikiyeyuka na maji yakikauka, kapeti hubaki na madoa meupe, magumu. Wengi hukimbilia chupa ya dawa. Ushauri wangu ni kuanza na mashine.

1. Mashine ya kunyonya maji. Chumvi huyeyuka kwa maji ya uvuguvugu matupu. Kazi ni kuyatoa maji hayo. Ukisugua kisha ukaacha kapeti ikauke yenyewe, chumvi iliyozama hupanda tena na maji, na doa linarudi palepale. Mashine ndogo ya kapeti kama Bissell Little Green hurusha maji na kuyanyonya papo hapo, na inafaa hata kwa viti vya kitambaa. Mwenye gereji atanufaika zaidi na kifyonza vumbi kikubwa kinachonyonya na maji, maana kina kazi nyingi nyingine. Unaishi ghorofani? Chomoa kapeti, panda nazo hadi bafuni.

2. Siki nyeupe ya kawaida, ile ya asilimia 5. Changanya nusu kwa nusu na maji ya uvuguvugu, nyunyiza, subiri dakika chache, sugua kwa brashi laini, kisha nyonya. Rudia kwa maji matupu. Marudio haya ni muhimu hasa kwenye baridi kali: baridi ikipita nyuzi 9 hivi za Selsiasi chini ya sifuri chumvi ya kawaida haiyeyushi barafu vizuri, kwa hiyo barabarani humwagwa pia kloridi ya kalsiamu, chumvi ya aina nyingine ambayo huvuta unyevu wa hewani na kuiacha kapeti mbichi mbichi. Siki isikutane kamwe na jiki. Gesi inayotokea ni sumu.

3. Dawa maalumu ya madoa ya chumvi. Inafanya kazi, ila ni ghali kuliko siki, na mashine bado utaihitaji.

4. Sabuni ya povu. Siipendekezi. Mabaki yake hunata na kuvuta uchafu mpya.

Kama bajeti inaruhusu, kabla ya theluji nunua mati za mpira zenye kingo ndefu zilizokatwa kwa umbo la gari lako, mfano WeatherTech au Husky Liners. Kuziosha ni maji na sabuni ya vyombo tu. Usizipake dawa ya kung'arisha, hasa upande wa dereva: kiatu chenye maji kitateleza wakati unatafuta breki.