Daftari la malengo ya familia ya Kikristo: mapitio baada ya kulitumia mwaka mzima

Kila ifikapo mwishoni mwa Novemba, meza za vitabu nje ya makanisa ya Kampala hujaa kalenda, shajara na madaftari ya mwaka mpya, mengi yakiwa na jalada linalong'aa na aya ya Habakuki inayoagiza njozi iandikwe katika vibao. Daftari ninalolipitia hapa tulilinunua kwenye mojawapo ya meza hizo kwa shilingi 35,000. Limetayarishwa na kundi dogo la wazazi waumini, likachapwa Nasser Road kama zinavyochapwa kazi nyingi za jiji hili, na linapatikana kwa Kiingereza, Kiluganda na Kiswahili. Sisi tulichukua la Kiswahili, kwa kuwa mimi natoka Arua na mke wangu ni wa Tororo, na Kiswahili ndiyo lugha ambayo watoto wetu waliikuta mezani. Maoni yangu kwa kifupi ni haya: sehemu ya daftari inayofuata saa za kawaida za nyumba inazidi kila kitu cha aina hii nilichowahi kununua, na sehemu inayohesabu imani kwa nyota ingeweza kuondolewa yote bila hasara yoyote.

Msingi wa daftari ni Luka 2:52, aya inayosema kwamba Yesu aliendelea katika hekima na kimo, akimpendeza Mungu na wanadamu. Waandaaji wameichukua aya hiyo kama ilivyo na kugawa malengo ya mwaka katika sehemu nne: akili, mwili, uhusiano na Mungu, na uhusiano na watu. Faida yake ni kwamba imani haikutengewa kona yake ya Jumapili, kwa sababu mtoto anayeandika lengo la hesabu na mzazi anayeandika lengo la kupunguza shinikizo la damu wote wanaandika ndani ya aya moja inayomhusu Kristo alipokuwa bado kijana wa Nazareti, akiishi chini ya wazazi wake. Ukurasa wa Januari unatanguliwa na onyo la Yakobo 4 kwa wale wasemao kwamba leo au kesho watakwenda mji fulani, wafanye biashara na kupata faida. Nililifurahia onyo hilo, maana orodha zinazoandikwa kwenye mikesha ya tarehe 31 Desemba hapa kwetu zina kiwanja, gari na viza, na ni nadra kukuta ndani yake jina la mtu ambaye mwandishi anakusudia kupatana naye.

Kiini cha daftari, hata hivyo, ni ukurasa wa wiki. Una mistari sita, mmoja kwa kila mtu, na safu tatu tu: «Jambo moja», «Wakati gani?» na «Nani ataniuliza?». Katika safu ya kwanza hairuhusiwi kuandika mambo mawili. Katika safu ya pili mtu haandiki saa ya ukutani, anachagua mojawapo ya nyakati nne zilizotajwa katika Kumbukumbu la Torati 6:7, yaani uketipo katika nyumba yako, utembeapo njiani, ulalapo na uondokapo. Wazo hili ni jepesi na kazi yake ni kubwa. Familia nyingi ninazozijua zimewahi kuanzisha ibada ya nyumbani ya saa mbili usiku, na ibada hiyo ikafa kabla ya Pasaka, kwa kuwa saa mbili usiku baba bado yuko kwenye foleni ya magari ya Jinja Road, umeme umekatika na mtoto mdogo amesinzia kabla ya chakula kuiva. Daftari halidai saa mpya. Linauliza ni saa gani familia iko pamoja tayari, hata kama ni wakati wa kumenya matoke au wa kumsubiri boda boda wa shule, na linaliweka lengo hapo hapo.

Nitoe mfano wa wiki moja kama ulivyoandikwa. Binti yetu mkubwa aliandika: «Kutomfokea mdogo wangu tukiosha vyombo», wakati wake ukiwa uketipo, na wa kumuuliza akiwa mama. Mdogo wake aliandika kwamba angechota maji bila kuambiwa, wakati wa uondokapo. Mke wangu alichagua kumwombea mtu mmoja kwa jina akiwa ndani ya teksi kila asubuhi, na mimi nikaandika kwamba simu ingebaki chumbani wakati wa chakula cha jioni, na wa kuniuliza akawa mtoto wa mwisho. Ukiondoa lile la mke wangu, hakuna hata lengo moja katika hayo linaloonekana la kiroho kwa mtazamo wa kwanza. Lakini kutofoka, kutii bila kusukumwa na kumsikiliza aliye mbele yako ndiyo mambo ambayo nyaraka za Paulo kwa Waefeso na Wakolosai zinayataja zinapofika nyumbani, kwa wake na waume, kwa watoto na baba zao.

Safu ya tatu ndiyo iliyoleta mjadala. Mama mkwe wangu, aliyekuwa kwetu muhula wa kwanza, hakupendezwa kuona mtoto akimuuliza baba yake kama ametimiza alichoahidi. Kwake, kama kwa wazee wengi wa nchi hii ambako mtoto bado hupiga magoti kuwasalimu wakubwa, mtoto hamhoji mzazi. Waandaaji walilitabiri jambo hili, na katika maelezo ya mwanzo wamependekeza njia yenye adabu: mtoto halazimiki kusema neno, analeta daftari likiwa wazi na kuliweka karibu na sahani ya mzazi. Kwetu njia hiyo ilifaa. Bibi mwenyewe, baada ya majuma machache, aliomba aandikiwe mstari wake, na akamchagua mjukuu wake kuwa wa kumuuliza kama amekunywa dawa.

Msomaji anayeijua historia ya kanisa la Uganda ataona upesi safu hiyo ilikotoka. Uamsho wa Afrika Mashariki, ambao wengi huanza kuusimulia na mkutano wa Simeoni Nsibambi na daktari Mwingereza Joe Church pale Namirembe mwaka 1929, uliwafundisha Walokole, yaani wafuasi wake, kutembea nuruni, maana yake kuyasema makosa yao waziwazi mbele ya wenzao katika ushirika na kuulizana hali ya roho bila kujali cheo. Desturi hiyo ilivunja kuta nyingi, kati ya wazungu na Waafrika na kati ya kabila na kabila, ingawa nayo ilikuwa na ukali wake, na wapo waliokua katika nyumba za Walokole wanaokumbuka kuulizwa sana kuliko kukumbatiwa. Daftari limeichukua desturi ile na kuipunguzia makali kwa sharti moja lililoandikwa chini ya kila ukurasa wa wiki: anayeuliza hatoi hukumu, na anayeulizwa anaweza kujibu «bado» bila kueleza. Naliona sharti hili kuwa neno la busara kupita yote yaliyomo.

Mistari sita, hata hivyo, imepangwa kwa familia ambayo sijui iko mtaa gani. Imechapwa «Baba, Mama, Mtoto wa 1, Mtoto wa 2» na kuendelea hivyo hadi wa nne, kana kwamba nyumba za Kampala hazina mpwa aliyekuja kusoma, shangazi anayetafuta kazi, bibi aliyeletwa hospitali wala dada wa kazi. Kuhusu huyu wa mwisho nina la kusema zaidi. Anaamka kabla ya wote, anawaandaa watoto, na mara nyingi yeye ndiye anayesali nao usiku wazazi wanapochelewa. Daftari la imani ya nyumbani linalomwacha nje linawafundisha watoto, bila kutamka, kwamba kuna mtu ndani ya nyumba ambaye ukuaji wake hauhusu mtu yeyote. Sisi tulifuta maneno yaliyochapwa na kuandika majina kwa kalamu, naye akaandika lengo lake: kujifunza kusoma Zaburi kwa Kiswahili, uketipo, na wa kumuuliza akawa binti yetu. Toleo lijalo liache mistari iwe mitupu, na iwe minane.

Sasa nyota. Mwishoni mwa kila mwezi kuna ukurasa wa rangi ambao mtoto hubandika nyota kwa kila sura ya Biblia aliyosoma, kila Jumapili aliyohudhuria na kila mara aliyofunga kula. Karatasi ya nyota imewekwa kwenye mfuko wa jalada la nyuma. Nadhani waandaaji waliiga mbinu ya walimu wa shule za chekechea, ambako inafaa. Hapa inaharibu kazi nzuri ya kurasa za wiki, kwa sababu mtoto wetu wa mwisho aligundua mapema kwamba Zaburi ya 117 ina aya mbili tu na nyota yake ni sawa na ya Zaburi ya 119, na dada yake akaanza kumhesabia. Yule Farisayo wa Luka 18 aliyepanda hekaluni naye alikuwa na hesabu zake: anafunga mara mbili kwa juma, anatoa zaka katika mapato yake yote. Mfano ule watoto wanaujua kutoka shule ya Jumapili, na ni ajabu kuwapa gundi na karatasi za kuuigizia. Ipo tofauti ya wazi kati ya lengo na hesabu. Lengo la kutofoka linakupeleka kwa mtu uliyemfokea, nayo hesabu ya nyota inakurudisha kujitazama wewe mwenyewe. Kurasa hizo tuliziacha tupu tangu Machi.

Kurasa za fedha zinatosha, na hazihitaji maneno mengi: kuna nafasi ya sadaka, ya karo, ya akiba ya kikundi na ya msaada kwa ndugu wa kijijini, zikifuata mihula mitatu ya shule za Uganda badala ya robo nne za mwaka wa kiofisi. Huo ni uamuzi wa mtu anayeijua Februari ya hapa, mwaka wa shule unapoanza na karo kudaiwa.

Kasoro nzito zaidi inahusu mtoto aliyeko bweni. Familia nyingi hapa humpeleka mtoto bweni tangu shule ya msingi, hasa anapokaribia mtihani wa darasa la saba, na kwa sehemu kubwa ya mwaka mtoto huyo hayupo uketipo wala ulalapo. Daftari limemsahau kabisa. Simu haziruhusiwi katika shule nyingi za bweni, kwa hiyo karatasi ndiyo njia iliyobaki, na ingekuwa kazi ndogo kuongeza kurasa chache za kuchanika ambazo mtoto angezibeba mwanzoni mwa muhula, aandike jambo lake moja, na mzazi amuulize siku ya kutembelea. Jirani yetu Mkatoliki, ambaye pia alilinunua, aliamua kunakili ukurasa wa wiki kwa mkono na kuupeleka shuleni pamoja na sukari na sabuni. Aliniambia kuwa mazungumzo ya siku ile yalikuwa ya kwanza kwa muda mrefu ambayo hayakuanza na alama za mtihani.

Kwa upande wa kalenda, waandaaji wanastahili sifa. Tarehe 16 Februari, siku ya kumkumbuka Askofu Mkuu Janani Luwum aliyeuawa mwaka 1977 chini ya utawala wa Idi Amin, ina ukurasa mfupi unaowataka wazazi wawasimulie watoto maana ya kusema kweli mbele ya mwenye nguvu, na tarehe 3 Juni ina habari za mashahidi wa Namugongo wa mwaka 1886, Wakatoliki na Waanglikana pamoja, bila kuvutana. Swali la ukurasa huo linawahusu vijana: wengi wa wale mashahidi walikuwa watumishi wa ikulu ya Mwanga, mfalme wa Buganda, wengine wadogo kwa umri, wakafundishana sala wao kwa wao katikati ya kazi zao za kila siku. Binti yetu alilisoma mara mbili, akauliza kama nao walikuwa wakigombana.

Kuhusu utengenezaji: karatasi ni nzito ya kutosha na wino wa kalamu ya kawaida haupenyi upande wa pili. Jalada linastahimili mikono yenye mafuta. Lakini kurasa zimeunganishwa kwa gundi bila kushonwa uzi, na daftari linalofunguliwa mezani kila siku halivumilii gundi. Letu lilianza kuachia kurasa za Aprili kabla ya Juni, tukaendelea nalo kwa msaada wa selotepu. Kwa bei ile, uzi si anasa. Ukinunua, lifungue katikati mbele ya muuzaji na ulikunje mpaka jalada ligusane na jalada, uone.

Ningelipendekeza kwa wazazi wenye watoto wa kuanzia miaka saba hivi, wanaoweza kuandika sentensi zao wenyewe, na kwa wanandoa wasio na watoto bado, maana ukurasa wa wiki unawafaa hata wawili. Kwa vikundi vya akina mama na akina baba vya kanisani lingefaa pia, ilimradi kila familia ibaki na lake, kwa sababu yaliyoandikwa humo si ya kusomwa na mwenyekiti. Asiye na shilingi 35,000 asivunjike moyo: daftari la mazoezi la kurasa 96 kutoka dukani, rula na kalamu vinatosha kuchora safu zile tatu, na waandaaji wenyewe wameandika ndani ya jalada kwamba ukurasa wa wiki unaruhusiwa kunakiliwa bure.