Krimu ya Weusi wa Macho: Wiki Nane, Tyubu Moja na Pamba Iliyoniumbua

Haya, tuko pamoja? Karibuni. Leo sijapaka kitu usoni, na ile taa yangu ya duara nimeizima makusudi. Nimekaa dirishani tu hapa nyumbani, Mji wa Kale, Mombasa, mwangaza wa saa tatu asubuhi, maana ninachotaka kuwaonyesha taa kali hukificha. Sogeeni. Hapa, chini ya jicho. Weusi huu ninao tangu niko shule. Mamangu anao, na bibi, Mungu amrehemu, alikuwa nao. Kila harusi hakosi mjomba wa kuniuliza, "Mwanangu, kwani wewe hulali?" Nalala, mjomba. Nalala masaa manane kamili, naamka kama niliyekesha nikikanda mahamri.

Basi wiki nane zilizopita nikanunua hii. Mililita 15, shilingi 1,450, mbele ina kigololi cha chuma cha kupakia. Sijalipwa na mtu. Jina nimelibandika plasta, kwa sababu krimu za namna hii ni chungu nzima na nitakayosema yanazigusa zote zinazotegemea kafeini, ile ile ya kwenye kahawa na chai. Kwenye boksi wameandika inaondoa weusi. Neno hilo ndilo nililo na ugomvi nalo.

Shika kioo. Usinitazame mimi, jitazame mwenyewe. Simama dirishani, uinue uso uelekee mwanga. Weusi ukipungua papo hapo, ujue sehemu kubwa ilikuwa kivuli: kati ya jicho na shavu pana kibonde, na mwanga ukitoka juu, kibonde kinatia giza. Umri ukienda mafuta ya hapo hupungua, kibonde kinazidi. Hakuna krimu inayofukia kibonde, msidanganyike. Sasa teremsha uso, uvute ngozi kidogo kwa kidole, taratibu. Rangi ikibaki kahawia ile ile, hiyo ni melanini, rangi ya ngozi yenyewe. Ikizidi kuwa zambarau au buluu, hiyo ni mishipa ya damu inaonekana, kwa sababu ngozi ya hapa ni nyembamba mno, kiasi cha nusu milimita. Wengi wetu tuna mchanganyiko. Mimi nina kahawia na kivuli. Zambarau sina.

Sasa kafeini kazi yake nini? Kubana mishipa ya damu na kupunguza uvimbe, tena kwa muda mfupi tu. Yaani mimi naenda Likoni, kusini, nimepanda matatu ya Mtwapa, kaskazini.

Lakini sitaki kuionea. Kuna siku usiku tulikula ng'onda, na ng'onda mnaijua chumvi yake. Asubuhi macho yamevimba kama nimelia. Nikatoa krimu kwenye friji, nikapaka jicho la kulia. La kushoto nikaliwekea kijiko cha chai, nacho kilikuwa kimelala kwenye friji, kimekauka, sikukipaka chochote. Robo saa baadaye nikamwita mdogo wangu, bila kumwambia lipi ni lipi. Akatazama huku, akatazama huku, akasema, "Yote mawili yameshuka." Kijiko hicho tulikuwa nacho siku zote, jamani.

Wiki ya tatu ndiyo niliyoumbuka. Nimenawa uso kwa sabuni, nimetoka kuswali isha, najiona msafi. Nikachukua pamba, nikaitia matone mawili ya mafuta ya nazi, nikapitisha polepole chini ya kope. Pamba ikatoka nyeusi kama tako la sufuria. Wanja! Mimi bila wanja sitoki, na nyinyi pia nawajua. Kumbe sabuni ilikuwa inauacha wanja kwenye vikunjo, nami kila usiku nauongezea juu yake, halafu asubuhi nasugua kwa taulo nikidhani ni weusi. Na kusugua ndiko kunakoichokoza ngozi izidi kutoa melanini. Wenye mzio wa vumbi, kaskazi ikivuma macho yanawasha, mnayafikicha kutwa nzima, mko kwenye boti hiyo hiyo na mimi. Tibuni mzio kwanza.

Na tukiwa hapo hapo kwenye wanja: ule wa jiwe unaosagwa, mara nyingi huwa na risasi. Risasi, madini. Tafadhali msiwapake watoto wachanga, hata kama nyanya amesisitiza.

Kuanzia usiku ule nikaacha kusugua, wanja nautoa kwa mafuta na pamba, naikandamiza pamba kidogo kwanza wanja ulainike. Mchana nikaanza kupaka sanskrini, krimu ya kukinga jua, mpaka karibu na jicho. Najua mtasema sisi tuna buibui. Buibui linafunika macho? Hata anayevaa ninja, jua linampata hapo hapo palipobaki wazi! Tafuta ya SPF (kipimo cha kinga ya jua) 30 kwenda juu, na kwa ngozi zetu tafuta yenye rangi kidogo, yenye oksidi ya chuma. Ile nyeupe kwanza inakuacha kama umejipaka unga wa ngano, halafu mwanga wa kawaida tunaouona kwa macho nao huongeza weusi kwenye ngozi ya kahawia, na oksidi ya chuma husaidia kuuzuia. Vitamini C na niasinamidi, aina ya vitamini B3, nazo husaidia rangi, ila hesabu miezi. Retinoli, aina ya vitamini A, ni nzuri, ila mjamzito aiache kabisa, na usiipake karibu na kope, inawasha.

Kuna jambo sikupenda kulisema lakini nitalisema. Miaka minne iliyopita niliuziwa kikopo, duka silitaji, cheupe, hakina jina, hakina viungo. "Hii, dada, siku saba tu." Kweli, siku saba nikawa na miduara myeupe machoni kama nimevaa miwani ya kuogelea. Wiki ya tatu ikaanza kuwasha, na nilipoacha, weusi ukarudi na wenzake. Mkorogo wa aina hiyo huwa na haidrokwinoni au zebaki, na zote mbili ni marufuku kwenye vipodozi hapa Kenya. Zebaki inakwenda kwenye figo. Vingine vinatiwa dawa za steroidi, zinapunguza unene wa ngozi ambayo tayari ni nyembamba, na zikipakwa karibu na jicho kwa muda mrefu zinaweza kupandisha presha ya jicho lenyewe. Hapo umetoka kwenye urembo, umeingia kwenye upofu.

Na kama umepauka, unachoka ovyo, unahema ukipanda ngazi, usinunue krimu yoyote, nenda kapime damu. Ukosefu wa madini ya chuma huufanya uso upauke, na weusi wa macho ukazidi kuonekana.

Sasa alama. Kwa uvimbe wa asubuhi naipa saba kwa kumi. Kwa weusi wa kahawia, moja, na hiyo moja ni ya kigololi kwa sababu kinaburudisha. Weusi wangu? Tazameni, haujaondoka. Kahawia imepungua kidogo kwenye kona hii ya ndani, palipokuwa pakijaa wanja. Kivuli kiko pale pale, na nadhani nitakizeeka nacho kama bibi.

Kilichobaki kwenye tyubu nimempa kaka, anafanya kazi usiku bandarini na asubuhi hurudi amevimba macho. Ameiweka kwenye friji pembeni ya jagi la ukwaju, na ameandika jina lake kwa kalamu ili mimi nisiiguse.