Uzoefu wangu na ruzuku ya NYOTA Mombasa: piga hesabu ya 22,000

Ruzuku ya NYOTA, mradi wa serikali ya Kenya wa kuwainua vijana, ni ya kweli na hairudishwi. Tatizo ni kwamba maombi yake yalipitia *254#, namba ileile ya Hustler Fund, mfuko wa mikopo wa serikali, na ukibonyeza chaguo lisilo lako utajikuta na mkopo wa riba ya asilimia 8 kwa mwaka. Soma menyu polepole. Kuomba ni bure. Anayetaka "ya chai" ili jina lako lipite ni tapeli.

Umri ni miaka 18 hadi 29, au hadi 35 kwa wenye ulemavu. Kuna mtihani wa kupima akili ya biashara, halafu mafunzo ya darasani.

Shilingi 50,000 hutolewa kwa awamu mbili. Katika 25,000 za kwanza, 22,000 huingia Pochi la Biashara, akaunti ya M-Pesa ya wenye biashara ndogo, na 3,000 huenda NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, kwenye akiba iitwayo Haba Haba. Hapo kwenye Pochi ndipo watu hukwama. Laini iwe imesajiliwa kwa kitambulisho chako. Ya mama au ya mjomba haifai, hata kama umeishika tangu shuleni. Piga *334# ufungue Pochi mapema, kisha tazama jina. Kitambulisho kikisema Mwanaisha na simu iseme Mwanaesha, rekebisha kabla ya siku ya malipo.

Sasa, 22,000 Mombasa hii zafanya nini? Tuktuk sahau. Viazi karai na bajia zawezekana: karai kubwa, jiko na mtungi wa kilo 6, meza, unga wa dengu, viazi vya Kongowea. Vyombo chukua vya mtumba, na theluthi ya pesa isiguswe, iwe ya kuzungusha. Anayemaliza zote kwenye vyombo vipya hukosa za mafuta kabla wiki haijaisha. Tenga na za leseni ya kaunti, la sivyo utashinda ukikimbizana na askari. Risiti weka zote.

Nisilolipenda ni mgao: ulianza na vijana 70 kila wadi, iwe Mwakirunge iwe Kongowea. Palipo na msongamano wa watu, kupenya ni bahati tu.

Kama tayari ni fundi, ulizia upande wa NYOTA wa kutambuliwa ujuzi. Wapimwa kazi unayoijua, wapewa cheti, bila kurudi darasani.