Stika ya karatasi ama ya vainili, ipi yafaa hapa Mombasa?

Ukiuza mabuyu ama krispu za muhogo za pakiti, karatasi yatosha kabisa, inaprintiwa kwa leza kwenye shiti za A3, bei rahisi na ukibahatika waipata siku hiyo hiyo. Lakini chupa ya juisi ya ukwaju ikitoka kwenye friji na hili joto letu inatoa jasho, karatasi inalowa, inavimba pembeni mwisho inabanduka, na kama ni printa ya wino wa maji ndo usiseme, rangi yote inabaki mkononi mwa kastoma. Hapo chukua vainili. Ni plastiki, maji haiyaogopi, na ya tuktuk zinazoshinda juani usiwaze nyengine, bei iko juu kweli, ila mwambie fundi aipige lamineshoni, ile plastiki nyembamba ya kuonyesha ya juu, maana jua ndo linaua rangi, tena wino wa solventi (ule wa kemikali, si wa maji) uachwe ukauke kama saa 24 kwanza kabla ya lamineshoni, akiharakisha gundi inalegea na stika inajikunja (na wengi wanaharakisha, hasa ukiwasimamia dukani!). Kukata umbo, plota, ile mashine ya kukatia, inakata zote, bora akate ya juu tu aache karatasi ya nyuma nzima, kubandua kuwe rahisi.