Picha ya machimbo ya mawe ya Kunduchi, nimeinunua Arusha mjini

Kama umeshazunguka maduka ya picha hapa Arusha unajua utakutana na nini, tembo na Kilimanjaro nyuma yake, Wamasai wembamba na mikuki, halafu zile picha za mtindo wa tingatinga za kila rangi. Sizikatai, tingatinga nzuri bado naipenda sana, ila hii niliyochukua kwenye kaduka kadogo maeneo ya Mnara wa Saa ni kitu kingine kabisa na nataka watu wajue vipo.

Ni machimbo ya mawe Kunduchi, Dar, watu wako kazini na bahari kwa mbali. Rangi ya mafuta juu ya turubai, upana kama mita moja hivi. Kilichonishika ni kwamba mchoraji anayajua mawe. Mawe ya pwani ni matumbawe ya kale, miamba iliyojengwa na viumbe wa baharini enzi maji yalipokuwa juu kuliko sasa, ndo hayohayo yaliyojenga magofu ya Kilwa na Mji Mkongwe kule Zanzibar, na ukilivunja leo ndani ni jeupe kama maziwa ila likipigwa mvua na jua miaka na miaka linageuka kijivu mpaka jeusi. Yeye kalionyesha hilo: ukuta wa juu ambao haujaguswa siku nyingi ni wa kijivu, una vitundu na mizizi inaning'inia, pale chini walipopiga sururu juzi panang'aa hadi unakunja macho. Sisi huku tumezoea mawe meusi ya volkano ya Meru, jirani yangu alivyoiona akauliza kama wanachimba chumvi.

Na watu wake wanafanya kazi kweli. Jamaa mmoja kaingiza mtaimbo kwenye ufa anaulalia kwa uzito wote, kisigino kimenyanyuka. Mama kakaa chini ya kivuli cha gunia anagonga kokoto, jiwe kalibana na kipande cha tairi ili nyundo isimkute vidoleni, pembeni ndoo ya kupimia na rundo lake linasubiri lori. Hajampamba na wala hajamchora wa kuonewa huruma, ni mtu anatafuta hela yake juani. Vumbi limemkaa mpaka kwenye kope na kanga, yaani hiyo sehemu peke yake naweza kuiangalia jioni nzima.

Bahari ndo haijanifurahisha. Kapiga bluu moja tu moja kwa moja, hakuna ule ukijani wa maji ya kina kifupi, halafu kaweka jahazi. Nikamuuliza kaka wa dukani jahazi la nini, akasema bila jahazi wageni hawajui kama ni pwani. Nimemwelewa, biashara ni biashara, ila jicho linakimbilia kule wakati kazi yote iko shimoni.

Bei alianzia laki nne na nusu tukamalizana laki tatu na ishirini pamoja na fremu, na kwa kazi hiyo ni haki kabisa. Fremu yenyewe mbao ilikuwa mbichi, kona moja ikaanza kuachia, nikairudisha wakaigonga upya bure bila maneno. Kagueni kona kabla hamjatoka dukani.

Kwa ambao hamjawahi kununua ya mafuta, rangi inakauka juu mapema lakini ndani inachukua miezi, kwa hiyo usiiwekee kioo, usiiache imefungwa kwenye nailoni, vanishi isubiri hata miezi 6 na usiitundike mahali jua la saa kumi linapoingia moja kwa moja.

Oda wanapokea, unatoa advansi nusu. Mi nimeshaweka ya pili, machimbo hayohayo ila ya asubuhi, na nimewaambia kabisa jahazi wasiweke. Hilo waambie kabla mchoraji hajaanza, akishapaka bahari hataki tena kuigusa.